Litapitaje Oktoba? Hotuba kwa wapenda bustani wa Tabora juu ya mawaridi na maua ya kudumu

Haya ni maneno niliyosema Jumamosi asubuhi mbele ya wapenda bustani wa Tabora mjini. Nayaweka yote hapa kwa ajili ya wenzetu waliokuwa safarini, shambani au msibani.

Mwangaluka!

Wazee wangu, mama zangu, vijana mliokuja na madaftari, ahsanteni kwa kuwahi kabla jua halijawa kali. Naona nyuso za Isevya, za Kanyenye, za Cheyo, na wapo waliotoka Ipuli kwa miguu. Mungu awabariki.

Nimeombwa nizungumze juu ya kuchagua mawaridi na maua ya kudumu, yaani yale unayoyapanda mara moja yakakaa nawe miaka, si kama zinia na alizeti za msimu. Nimefundisha baiolojia miaka 31 na nimelima maua tangu nikiwa msichana. Leo sitawapa orodha ya majina, nitawapa swali. Mkisahau yote nitakayosema, swali hili msilisahau. Kila mtu anapokuonyesha mche na kukusifia, muulize, au jiulize moyoni: hili litapitaje Oktoba?

Sijauliza lina rangi gani, wala bei gani. Litapitaje Oktoba?

Niwaeleze swali hili lilivyonipata. Mwaka 2009 alipita mfanyabiashara na gari lililojaa miche ya mawaridi kutoka nyanda za juu. Nilinunua sita. Yalikuwa mekundu, ua moja linajaza kiganja, laini kama mahameli. Nikayapanda Desemba mbele ya baraza, nikatia samadi, mvua ikawa inanyesha, yakashika. Januari yakachanua. Februari yakachanua. Watu wakipita barabarani wanasimama. Jirani aliniomba matatu kwa ajili ya kicheni pati ya mwanawe, nikayakata kwa furaha.

Mei mvua ikakata. Juni na Julai usiku una ubaridi kidogo, yakavumilia. Agosti upepo na vumbi. Septemba majani yakaanza kugeuka rangi ya shaba, na ukiyapindua unaona utando mwembamba, na ndani yake vidoadoa vinatembea: utitiri mwekundu. Halafu ikaja Oktoba. Ninyi mnaijua Oktoba ya Tabora, joto linapita nyuzi 30, mbingu nyeupe, mchanga unachoma nyayo. Maji yalikuwa ya mgawo. Kila jioni nilikuwa nayapa kikombe kimoja kimoja, nikiamini nayaokoa. Manne yalikauka kabisa.

Mawili yakabaki kama vijiti. Mvua iliporudi Novemba yakatoa machipukizi marefu, ya kijani, yenye nguvu ajabu. Nilimshukuru Mungu. Lakini yalipochanua, hayakuwa yale mekundu. Yalikuwa maua madogo, hafifu, yakachanua mara moja tu mwaka ule. Nikasema yule bwana ameniuzia mbuzi kwenye gunia. Nikamlaumu miaka saba.

Ndugu zangu, sikujua nilichokuwa nakiona. Nilikuja kukielewa nikiwa mbali sana na hapa, mahali ambapo mwezi mbaya si Oktoba bali Januari.

Binti yangu anaishi Winnipeg, jimbo la Manitoba, nchini Kanada. Mwaka 2016 alijifungua, nikaenda kulea uzazi. Nilifika Oktoba nikaondoka Juni, kwa hiyo majira ya baridi ya kule niliyala yote, kuanzia jani la mwisho kuanguka hadi ua la kwanza kuchomoza. Usiku mmoja wa Januari kipimo cha joto kilisoma nyuzi 34 chini ya sifuri. Udongo unaganda kwenda chini zaidi ya mita moja. Ukipiga jembe, linalia kama umepiga reli.

Nikauliza: watu hawa wanapata wapi maua? Kwa sababu picha za binti yangu za Juni zilikuwa zimejaa maua!

Aliyenijibu ni bibi mmoja jirani, mwenye miaka zaidi ya 80. Nilimwona kupitia dirishani siku ya pili ya theluji kubwa. Watu wengine wanasukuma theluji kuitoa njiani na kuitupa kando. Yeye anaichota kwa beleshi na kuimwaga juu ya vitanda vyake vya maua, taratibu, anarundika, kisha anarudi kuchota nyingine. Nikadhani uzee. Nikamtuma binti yangu akaulize.

Bibi akasema: nayafunika blanketi.

Mnasikia? Theluji ni blanketi. Imejaa hewa ndani yake, kama sufi kwenye godoro. Juu nje ni nyuzi 30 chini ya sifuri, lakini chini ya rundo lile udongo hauzami kwenye baridi ile ya kutisha, na la muhimu zaidi, haubadiliki badiliki. Kinachoua maua mengi kule ni mwaka wenye theluji haba, au siku za jua la ghafla zinazoyeyusha udongo mchana na usiku ukaganda tena. Udongo unavimba, unasinyaa, na mizizi inasukumwa juu hadi inaonekana. Nitalirudia blanketi baadaye, maana nasi tunalo, ila letu lina adui.

Bibi huyu alipokuwa anachagua ua, hakuanza na rangi. Alianza na baridi. Wenzetu wa huko wamelifanya jambo hili kuwa elimu kamili. Idara ya Kilimo ya Marekani ina ramani ya kanda 13, na kila kanda imepimwa kwa kitu kimoja tu: usiku wa baridi kali kuliko wote katika mwaka, kwa wastani wa miaka mingi. Kanda ya 3 ni ile ambayo usiku huo hufika kati ya nyuzi 34 na 40 chini ya sifuri. Kanada nao wana ramani yao. Mche dukani umeandikwa namba ya kanda. Ukiishi kanda ya 3 ukanunua mche wa kanda ya 6, umenunua maua ya kiangazi kimoja. Hawakupima siku nzuri, wala wastani wa mwaka. Walipima usiku mbaya.

Na mawaridi je? Waridi la kisasa lenye ua kubwa la kuchongoka, lile la kwenye harusi, halipendi baridi ya namna ile. Kuna mwanasayansi mmoja, Felicitas Svejda, aliyefanya kazi katika shamba la utafiti la serikali kule Ottawa. Kuanzia miaka ya 1960 alichukua mawaridi magumu, likiwamo waridi la rugosa linalotoka pwani za Asia ya mashariki, akayachanganya na mengine, akaotesha miche mingi. Halafu akafanya jambo ambalo mimi mpenda maua liliniuma nilipolisikia: akaiacha nje. Hakuifunika wala hakuionea huruma. Majira ya baridi yakapita, akaenda kuangalia iliyo hai. Iliyo hai ndiyo aliyoendelea nayo. Hivyo ndivyo yalivyopatikana mawaridi wanayoyaita kwa majina ya wavumbuzi wa zamani: John Cabot mwaka 1978, William Baffin mwaka 1983, na mengine. Hili la William Baffin linapanda ukutani na kupita kimo cha mtu, katika nchi ile ile inayogandisha udongo mita nzima.

Na Morden, mji mdogo kusini-magharibi mwa Winnipeg, kituo kingine cha utafiti kilitoa mawaridi yake ya nchi ya baridi. Bibi jirani alikuwa nalo moja, Morden Blush, rangi yake hafifu kama ndani ya kombe la baharini. Juni, kabla sijaondoka, nilikaa nalo. Ulikuwa umepita ule usiku wa nyuzi 34, nalo limejaa vikonyo vyenye vifundo vya maua!

Sasa nawauliza ninyi. Sisi nani ametuachia mawaridi nje Oktoba, akaangalia yaliyo hai?

Mnakaa kimya. Mimi nitawaambia. Ametufanyia yule mzee wa Isevya, na bibi wa Ng'ambo, mtaa wetu wa hapa hapa Tabora, na kila uani kwa mtu ambaye hakuwa na maji ya kubembeleza ua. Ukipita mtaani mwisho wa Oktoba, wiki ambayo kila kitu kimekauka, ukaliona waridi lina majani ya kijani kando ya jiko la nje, linaishi kwa maji ya kusuuzia vyombo, simama. Bisha hodi. Salimia vizuri, kaa kwanza, uliza habari za nyumbani, kisha omba kipande. Ua lake huenda ni dogo kuliko la harusini. Lakini hilo limefaulu mtihani, na mtihani wenyewe umefanyikia hapa hapa.

Nirudi kwenye yale mawaridi yangu mawili yaliyobadilika rangi. Mwezi wa tano theluji ilipoyeyuka, bibi alikuwa na waridi moja la zamani limekufa upande wa juu, na chini yake limetoa machipukizi yenye nguvu. Akayang'oa yote. Nikashtuka! Nikasema, mbona unaua kilicho hai? Akanivuta, tukapiga magoti pamoja, akaondoa udongo kwa vidole. Pale shina linapoingia ardhini palikuwa na uvimbe, kama goti. Akasema: juu ya goti hili ndilo waridi nililonunua. Chini ya goti ni waridi jingine kabisa.

Nikabaki nimepiga magoti pale. Miaka saba ya kumlaumu mtu ikaniangukia palepale.

Wakulima wa maembe, ninyi jambo hili mnalijua kuliko mimi. Mawaridi mengi ya kuuzwa yamebebeshwa, kama tunavyobebesha maembe. Juu wanaweka aina yenye ua zuri, chini wanaweka mizizi ya aina yenye nguvu. Ni kazi halali na nzuri. Lakini mwezi mbaya ukiua sehemu ya juu, iwe ni baridi ya Januari au kiangazi cha Oktoba, kinachofufuka ni mizizi, nayo inakupa ua lake, si ua ulilonunua. Yule mfanyabiashara hakunidanganya. Waridi langu lilikufa na mimi nikaendelea kumwagilia jingine.

Kule kwenye baridi wana dawa mbili. Ya kwanza, wanalizika lile goti sentimita 10 hivi ndani ya udongo, ili sehemu ya juu nayo ibaki na macho ya kuchipua yaliyokingwa chini. Ya pili, na ndiyo ninayoipenda, wanachagua waridi lenye mizizi yake lenyewe, lililotokana na kipande cha tawi. Hilo hata likifa hadi usawa wa ardhi, linaporudi linarudi lile lile. Kwa hiyo mama zangu, kabla ya kulipa, inama. Papasa shina. Ukikuta goti, ujue umeshika viumbe wawili. Ukilipenda hata hivyo, nunua, lakini kila chipukizi linalotoka chini ya goti ling'oe pale linapoanzia. Usilikate kwa kisu, ukikata linarudi na wenzake.

Sasa niseme jambo la kuuma kidogo. Kuna maua ambayo hatutayapata Tabora, na ni heshima kuyaacha.

Bibi alikuwa na peoni, iliyopandwa na mama yake mzazi. Peoni ikitulia mahali inaweza kuishi miaka zaidi ya 50 bila kuhamishwa. Ilitoka ardhini mwezi wa tano na machipukizi mekundu kama vidole vya mtoto mchanga, na mwezi wa sita vifundo vyake vilikuwa vimejaa kama ngumi. Nilitamani kipande cha mzizi kuliko nilivyowahi kutamani dhahabu. Acha suala la kibali, maana mmea hauvuki mpaka bila cheti cha afya, na sheria hiyo inalinda mashamba yetu. Bibi aliniambia kitu kikubwa zaidi: unayo baridi ya kuipa? Peoni inahitaji wiki nyingi za baridi ikiwa imelala ndipo itoe ua. Bila usingizi ule itatoa majani, itadhoofika, itakufa. Tulipu vile vile. Wapo wanaoweka vitunguu vyake kwenye jokofu wiki 12 na zaidi ili wapate ua mara moja, kisha wanatupa. Mimi siwashauri. Umeme wetu una kazi nyingine, na ua la kutupwa si la kudumu.

Lakini ngoja. Mnadhani usingizi ule ni wao peke yao?

Tokeni nje ya mji, njia ya Sikonge au ya Urambo, wiki hii hii ambayo mvua za kwanza zimegusa ardhi. Chini ya miyombo mtaona tufe jekundu limesimama kwenye shina moja, kubwa kama ngumi mbili, halina hata jani jirani yake. Limetoka wapi? Mwezi uliopita pale palikuwa na majivu ya moto wa porini. Lilikuwa chini, limelala. Kitunguu chake kiliingia usingizini mvua ilipokata, kikaipita Agosti, kikaipita Septemba, kikaipita Oktoba, na sasa kimeamka. Peoni inalala baridi, hili linalala kiangazi. Miyombo yenyewe mmeiona ikitoa majani mekundu kabla hata tone halijadondoka. Hayo ndiyo majira yetu ya machipuko, nasi tunayapita kwa baiskeli bila kugeuza shingo!

Kwa hiyo mkinitaka niseme maua ya kudumu ya nyumbani, naanza na yanayojua kulala au kuweka akiba chini: hilo tufe jekundu, kana, agapanthasi za kusini mwa Afrika zenye mizizi minene, na mayungiyungi ya siku moja, ambayo kila ua hukaa siku moja lakini shina moja hutoa mengi. Kuna na lile ua linalopanda, lenye ncha za majani zinazojikunja kama mkono, petali nyekundu na njano zimegeuka juu kama ndimi za moto. Zuri sana. Lakini nasema kwa sauti mnisikie hadi nyuma: kiazi cha ua hilo ni sumu kali, na kitunguu cha lile tufe nacho kina sumu. Kwenye watoto wadogo na mbuzi, usipande. Na msing'oe porini hadi paishe, omba mbegu, omba mtoto wa kitunguu kwa mwenye bustani.

Wafuga nyuki, neno moja kwenu. Waridi lililojaa petali hadi katikati halimpi nyuki kitu, hana pa kuingilia. Waridi lenye petali tano, katikati wazi na unga wa njano, ndilo lake. Mji wa asali usiwe na maua yaliyofunga mlango.

Nimeahidi blanketi. Blanketi letu ni matandazo: majani makavu, nyasi, maganda ya mpunga. Theluji inazuia udongo usigande na kuyeyuka ovyo, matandazo yanazuia udongo usikauke na kuchemka. Ila theluji haina mchwa, na Tabora ina mchwa. Kijana mmoja wa Ipuli, yupo hapa na ameniruhusu niseme, alirundika nyasi kavu hadi zikakumbatia mashina ya mawaridi yake. Wiki ya tatu akafunua. Udongo mbichi umepanda shina kama soksi, na chini yake gome limeisha lote. Mawaridi saba.

Kosa halikuwa matandazo. Kosa ni kuyagusisha shina. Acha duara la shubiri moja kuzunguka shina, lisilo na matandazo hayo makavu. Hapo ndani weka mboji iliyooza kabisa, si samadi mbichi wala nyasi kavu. Kila baada ya siku mbili tatu pita uangalie, ukiona njia ya mchwa, ivunje. Na maji: achana na kikombe changu cha kila jioni. Kikombe hulowesha vidole viwili vya juu, mizizi inafuata maji juu, na jua linaikuta huko huko. Chimba kisahani kuzunguka mche, mwaga ndoo ya lita 10 mara mbili kwa wiki, asubuhi, iende chini. Mizizi itaifuata.

Mahali pa kupanda ni jambo fupi. Jua la asubuhi, kivuli cha alasiri. Upande wa mashariki wa nyumba unatosha.

Namna ya kuotesha ndiyo nataka muione kwa macho. Hiki hapa ni kipande nilichokata asubuhi hii, unene wa penseli, urefu wa shubiri, kina macho manne. Kimetoka kwenye tawi lililomaliza kuchanua, si lile laini la juu wala gogo la chini. Chini nimekata mshazari, chini kidogo tu ya jicho. Majani yote nimetoa, nimeacha mawili ya juu. Macho mawili yanaingia kwenye kiriba chenye mchanga na mboji, mawili yanabaki nje. Kinakaa chini ya mwembe, unyevu usikauke, na usikivute vute kila siku kuangalia kama kimeota. Mwezi hadi miezi miwili kitakupa jibu.

Nimeleta 43 nilivyootesha Julai, vimeshika. Viko nje chini ya mwembe. Vyenye kitambaa chekundu vimetoka kwa mzee wa Isevya, vyeupe vimetoka Ng'ambo, vya bluu ni kwangu Kitete. Yote ni mawaridi yaliyopita Oktoba zaidi ya tatu. Kila nyumba ichukue kimoja. Pale mlangoni kuna daftari: andika jina lako, rangi ya kitambaa, na siku utakayopanda. Novemba mwakani tukutane hapa hapa, kila mtu aje na habari. Aliyefiwa na mche asibaki nyumbani kwa aibu, aje aseme ulikufa mwezi gani, ulikuwa upande gani wa nyumba, na ulikuwa unaupa maji kiasi gani. Tutaandika yote.

Haya, twendeni chini ya mwembe kabla jua halijafika kwenye viriba.